Ajali za nyumbani: tunayowafanyia watoto kwa nia njema na yanavyowazidishia maumivu (uzi mrefu)

Mlinda Mlango:

Wadau, salaam. Kazi yangu ni kufundisha huduma ya kwanza, na kila darasa jipya huwa naanza na swali moja: mtoto kamwagikiwa na chai ya moto, unafanya nini? Majibu hayakauki. Dawa ya meno. Siagi. Ute wa yai. Unga. Barafu. Mafuta ya kupikia. Anayejibu "maji" huwa mmoja, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba anabahatisha.

Ukiyatazama makosa ya aina hii utaona karibu yote yana sura moja: tunaongeza kitu. Mtoto kaungua, tunapaka. Kanywa sumu, tunamnywesha maziwa na kumtapisha. Ana degedege, tunamsokomezea kijiko mdomoni. Kapaliwa, tunaingiza kidole. Mikono ikishikwa na hofu haitaki kutulia, inatafuta kazi. Kwa hiyo humu nitasema "acha" mara nyingi kuliko "fanya", mnivumilie.

Kabla sijaendelea: haya hayachukui nafasi ya daktari. Ni ya zile dakika kabla hujamfikia. Na namba ya dharura ya mahali ulipo iwe kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba, na pia kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, maana simu huzima chaji siku unapoihitaji.

KUUNGUA

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo tunapoharibu sana.

Ukimtoa mtoto kwenye maji ya moto, joto lililokwisha kuingia kwenye ngozi halitoki naye. Linaendelea kuzama, tabaka baada ya tabaka. Kinacholitoa ni maji ya bomba yanayotiririka, baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Siyo kumwagia kikombe kimoja na kupuliza. Dakika 20 mtoto akiwa analia ni ndefu mno, kwa hiyo tazama saa, usikadirie. Hata ukiwa umechelewa, ndani ya saa 3 za mwanzo maji bado yana faida.

Huku maji yakitiririka, nguo zitoke. Watu wengi husahau soksi na nepi. Nepi iliyomwagikiwa maji ya moto huyafyonza kama sponji na kuyabana kwenye mapaja na sehemu za siri, na mzazi anahangaika na mkono ulioungua kidogo huku chini mtoto anaendelea kuiva. Nguo iliyonatana na jeraha usiivute. Kata kuizunguka, kipande kilichonata kiache. Pete, bangili na saa zitoe mapema, kwani baada ya muda mfupi vidole vitavimba na hazitatoka.

Barafu hapana. Inabana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyokwisha kujeruhiwa inakosa damu tena. Mtoto mdogo anaweza pia kupoa mwili mzima akaanza kutetemeka, kwa hiyo poza sehemu iliyoungua tu, kwingine mfunike blanketi.

Dawa ya meno, siagi na wenzao vinaziba juu, joto linabaki chini. Halafu ukifika hospitali kuna mtu lazima avikwangue juu ya ngozi mbichi ili aone jeraha lina kina gani. Mzazi akishuhudia ukwanguaji huo mara moja, hatapaka tena.

Ukimaliza na maji, tandika juu ya jeraha ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula (mzunguko wa kwanza wa juu utupe, chukua unaofuata). Itandike kwa urefu, usiuzungushie mkono ukaubana. Kama haipo, kitambaa safi kisichoacha manyoya. Malengelenge usipasue.

Kimbilia hospitali kama pameungua pakubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe (kiganja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya ngozi yote ya mwili), kama ni usoni, mikononi, miguuni, kwenye maungio ya mifupa au sehemu za siri, kama pamekuwa peupe au peusi, kama ni umeme au kemikali, au kama amevuta moshi. Mtoto wa chini ya mwaka 1 mpeleke hata kama panaonekana padogo. Na usifurahi mtoto akisema hapaumi. Jeraha la kina kirefu huunguza hata mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu.

Baba Pacha:

Mkuu, nimeweka alama uzi huu. Swali: je, kama maji hayatoki bombani? Dakika 20 nitayapata wapi?

Mlinda Mlango:

Swali la msingi hilo. Weka beseni chini ya mkono au mguu, chota kwa kikombe, mwagia juu, maji yaangukie beseni, chota yale yale. Yakianza kupata uvuguvugu badilisha. Kama ndoo ni moja tu, loweka kitambaa safi, tandika, kibadilishe mara kwa mara kabla hakijapata joto. Si sawa na bomba, lakini ni bora mara nyingi kuliko tyubu ya dawa ya meno.

Shangazi Mpole:

Jamani, sisi tulipakwa siagi na bibi zetu, tukapona, na leo tuko humu tunaandika. Mbona?

Mlinda Mlango:

Shangazi, shikamoo. Mlipona kwa sababu ngozi iliyoungua juu juu hupona yenyewe, upake usipake. Sifa ikaenda kwa siagi. Wale walioungua kwa kina hawakupona kwa siagi, ila hadithi zao hazisimuliwi sana.

Niongeze la kuzuia, kisha tusonge. Maji ya nyuzijoto 60 yanahitaji kama sekunde 5 tu kumuunguza vibaya mtu mzima, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Mwenye hita ya maji aishushe hadi nyuzijoto 49. Wa kuchemsha na kuchanganya: baridi itangulie kwenye beseni, moto ufuate, kila siku kwa mpangilio huo huo, ili mtoto akichungulia kabla hujamaliza akute ya baridi. Pima kwa kiwiko. Kiganja kilichozoea masufuria hakina habari. Na kinywaji cha moto usikinywe huku umempakata mtoto. Chai iliyomiminwa robo saa iliyopita bado inaweza kumuunguza.

KUPALIWA

Kwanza sikiliza. Mtoto anayekohoa kwa nguvu, anayelia au kuongea, hewa inapita. Kaa naye, mwinamishe mbele, mwache akohoe. Kikohozi chake kinafanya kazi kuliko kofi lako. Kupaliwa kunakoua hakuna kelele. Mdomo wazi, macho yamemtoka, sauti hakuna, midomo inageuka rangi. Ukiona hivyo usingoje.

Mtoto wa chini ya mwaka 1: kaa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, mkono ukiegemea paja, kichwa kikiwa chini kuliko kiuno. Vidole vishike taya, visibane koo. Kwa kitako cha kiganja mpige katikati ya mabega, mapigo 5, kila moja ukilipiga kana kwamba ndilo litakalokitoa. Tazama mdomoni. Bado? Mgeuze chali, kichwa kibaki chini, mkandamize katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, mara 5. Rudia mgongo, rudia kifua. Tumbo lake usiliguse, ini lake linaweza kuumia.

Aliyezidi mwaka 1 mpaka mtu mzima: mwinamishe mbele, mapigo 5 mgongoni. Yakishindikana, simama nyuma yake (kwa mtoto piga magoti ulingane naye), ngumi juu kidogo ya kitovu, mkono wa pili uifunike, vuta ndani na juu, mara 5. Rudia mgongo tena. Mbinu hii ya tumbo aliieleza daktari wa Marekani, Henry Heimlich, mwaka 1974. Kitu kikitoka, mpeleke akachunguzwe hata kama amerudi kucheza, kwani kusukumwa tumbo kwa nguvu kunaweza kuumiza ndani.

Kidole kisiingie mdomoni kwa kupapasa. Unakiona kitu na kinashikika? Kitoe. Hukioni? Kidole kitakisukuma chini zaidi.

Akilegea na kupoteza fahamu, mlaze sakafuni, simu ya dharura ipigwe, anza kukandamiza kifua mara 30 kisha pumzi 2, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kabla ya pumzi tazama mdomoni kila mara, huenda kimepanda.

Zabibu nzima kwa mtoto mdogo zikate kwa urefu, vipande vinne. Karanga na jamii zake nzima nzima zisubiri afike miaka 5. Na asile huku anakimbia, ingawa hili najua nawaambia wazazi waliokwisha kusema mara elfu.

Mama Kijacho:

Mimi ni mjamzito. Nikipaliwa mume wangu anisukume tumbo?

Mlinda Mlango:

Hapana. Mapigo ya mgongoni yako vile vile, ila badala ya tumbo akukandamize kifuani, katikati ya mfupa wa kifua, akivuta kuelekea kwake. Ndivyo pia kwa mtu mnene ambaye mikono haizunguki tumbo lake. Na ukiwa peke yako (kwa asiye mjamzito), egemea mgongo wa kiti na ujisukume tumbo juu yake.

SUMU

Hapa neno moja: usimtapishe. Kilichounguza koo wakati wa kushuka kitaliunguza tena wakati wa kupanda. Mafuta ya taa na petroli tumboni si hatari kubwa kama yakiingia kwenye mapafu, na kutapika ni njia rahisi ya kuyafikisha huko. Hata madaktari waliwahi kuamini kutapisha. Kwa miaka mingi wazazi nchini Marekani walishauriwa kuweka nyumbani dawa ya kutapisha iitwayo ipecac. Mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto cha huko kikasema isitumike tena nyumbani.

Maziwa nayo hayaui sumu. Yanajaza tumbo, tumbo lililojaa linatapika, tumerudi pale pale.

Unachofanya: toa kilichobaki mdomoni, futa, piga simu ya dharura au kituo cha sumu kama kipo, na fuata wanachosema. Beba chupa yenyewe, hata ikiwa tupu. Watataka kujua vitu vinne: ni nini, kiasi gani, saa ngapi, na mtoto ana kilo ngapi. Kikiwa kimemwingia jichoni, maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20, jicho likiwa limefunguliwa kwa vidole, halafu hospitali.

Nusu ya vita ni chupa za soda. Mafuta ya taa, dawa ya wadudu na sabuni ya maji tunavitia kwenye chupa ambayo mtoto anaijua kuwa ya kinywaji, halafu tunamlaumu kwa kunywa. Kiache kitu kwenye chombo chake. Vile vifuniko vya usalama vya dawa humchelewesha mtoto, havimzuii. Pahali pa dawa ni juu, tena pawe na kufuli.

La pembeni kwa watu wazima: klorini ya usafi usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia. Mchanganyiko hutoa gesi inayochoma mapafu. Ukishasikia inakuwasha kooni toka nje, usirudi kusafisha.

Betri zile bapa za duara, za rimoti, saa, mizani na kadi zinazoimba, nazipa mstari wake. Ikikwama kooni, umeme wake pamoja na mate hutengeneza magadi makali yanayoanza kutoboa nyama, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Iliyoisha nguvu ya kuendesha rimoti bado ina nguvu ya kuunguza. Puani na sikioni ni hivyo hivyo. Ukishuku tu, nenda, aone picha ya eksirei. Ukiwa njiani, mtoto aliyezidi mwaka 1, aliyeimeza ndani ya saa 12 zilizopita na anayeweza kumeza, unaweza kumpa asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6. Asali isikufanye uchelewe kuondoka.

Ngoja Nione:

Mlinda Mlango, simama hapo. Umetoka kusema usimpe kitu, sasa unasema asali. Shika moja.

Mlinda Mlango:

Nilikuwa nasubiri nani atanibana, hongera. Asali haitibu na haiitoi betri. Inaipaka na kupunguza ukali wa yale magadi kwa muda wa safari tu. Ni kwa betri peke yake, siyo kwa mafuta ya taa, siyo kwa vidonge. Na kwa mtoto wa chini ya mwaka 1 asali hairuhusiwi kwa lolote, kwani inaweza kuwa na vimelea vinavyoleta ugonjwa wa botulizimu.

Mtukutu:

Na sumaku? Mwanangu ana vile vidude vidogo vya kuunganisha.

Mlinda Mlango:

Moja mara nyingi hupita. Mbili au zaidi ni dharura: zinavutana kupitia kuta za utumbo, zinaubana katikati mpaka unatoboka. Kwa nje mtoto anaonekana mzima siku ya kwanza. Ukijua amemeza, usingoje aumwe.

Kipimajoto:

Mkuu, degedege ndilo linalonitoa roho. Wa kwangu akipata homa tu nakesha. Tumeambiwa ukiona anatetemeka, kijiko katikati ya meno asijing'ate ulimi, na umtose kwenye maji ya baridi homa ishuke. Ukweli uko wapi?

Mlinda Mlango:

Ukweli hauko kwenye vyote viwili. Kijiko huvunja meno, na jino lililovunjika linaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Ulimi akijing'ata pembeni utapona. Hauwezi "kumezwa" kama watu wanavyosema. Maji ya baridi humfanya atetemeke, na kutetemeka ndiko mwili unakotengenezea joto.

Degedege la homa huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kati ya asilimia 2 na 5 ya watoto. Linatisha kulitazama, lakini kwa kawaida hukoma lenyewe bila kuacha athari. Kazi yako: mlaze chini mahali pasipo na kitu cha kumgonga, kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke, legeza shingoni, tazama saa. Usimshike kwa nguvu. Likizidi dakika 5, likirudi kabla hajazinduka, au akipumua kwa shida, ni dharura. Hata likikoma mapema, la kwanza maishani lazima aonwe na daktari siku hiyo hiyo, kwani inabidi ijulikane homa inatoka wapi. Malaria na homa ya uti wa mgongo navyo huleta mtetemeko, na huwezi kuvitofautisha kwa macho sebuleni.

Kuhusu kukesha: parasetamoli humpa nafuu lakini haijaonekana kuzuia degedege, kwa hiyo usimlundikie ukidhani unamkinga. Kipimo chake ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Soma chupa: kuna ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5 na kuna yenye 250 kwa mililita hizo hizo. Mzazi aliyezoea moja akinunua nyingine anampa mtoto mara mbili bila kujua. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe chake. Vijiko vya jikoni havilingani. Aspirini isitumike kwa watoto bila daktari, kwa sababu inahusishwa na ugonjwa unaoshambulia ini na ubongo. Na mtoto wa chini ya miezi 3 akifika nyuzijoto 38, hakuna kujaribu dawa ya nyumbani, ni kwenda.

Shangazi Mpole:

Marahaba mwanangu, la siagi nimekubali kwa shingo upande. Sasa nisaidie: mjukuu akitoka damu puani tunamwinamisha nyuma. Na akigonga kichwa hatumruhusu kulala. Usiniambie navyo vibaya.

Mlinda Mlango:

Nasikitika, shangazi.

Damu ya pua: ainame mbele, abane ile sehemu laini ya pua kwa vidole (siyo mfupa wa juu), apumue kwa mdomo, dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Kila ukiachia kuchungulia unaanza upya. Akiinama nyuma damu haikomi, anaimeza, kisha anatapika damu na nyumba nzima inapiga mayowe.

Kichwa: kulala kwenyewe hakumdhuru. Kama amelia papo hapo, yuko macho, anawajua watu, muda wake wa kulala umefika, alale. Kinachotafutwa ni dalili: kutapika zaidi ya mara moja, kichwa kinachozidi kuuma, kusinzia kusiko kwa kawaida au kutoamshika, kuchanganyikiwa, maji maji au damu puani au masikioni, degedege. Mwangalie saa 24 hadi 48. Aliyepoteza fahamu, hata kwa muda mfupi, aende.

Mtukutu:

Kwa kanuni yako ya "usiongeze", mtoto wa kuharisha naye tumnyime maji ili asiharishe zaidi? Maana kuna wanaofanya hivyo.

Mlinda Mlango:

Hapo kanuni yangu inavunjika, na ivunjike kabisa. Kuharisha kunaua kwa kukausha mwili, kwa hiyo kumnyima maji ni kumsaidia ugonjwa. Hapa ongeza. Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwenye maji safi kwa kiasi kilichoandikwa, usipunguze maji eti "iwe kali". Pakiti haipo: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Usikosee upande wa chumvi, ikizidi ni hatari. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika ngoja dakika 10, endelea taratibu. Anyonye kama kawaida, ale kama kawaida. Shirika la Afya Duniani linashauri na madini ya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6.

Macho yaliyozama, kulia bila machozi, mkojo kupotea kwa saa nyingi, utosi ulioingia ndani, ulegevu, damu kwenye choo: hospitali, huku ukiendelea kumnywesha njiani.

Baba Pacha:

Na wazee jamani, tumesahau wazee. Baba akianguka ghafla, mdomo umeenda upande, tunampa aspirini. Nimesoma mahali inayeyusha damu.

Mlinda Mlango:

Usimpe. Kiharusi kiko cha aina mbili: mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka. Kwa macho huwezi kuvitenganisha, hata daktari anahitaji kipimo cha picha ya kichwa. Ukimpa aspirini aliyepasukiwa, umemwongezea kuvuja. Na mtu wa kiharusi anaweza kuwa hamezi sawasawa, kwa hiyo hata maji yasubiri.

Mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, atamke sentensi moja. Uso umelala upande, mkono mmoja unashuka, maneno yanavurugika, hata moja tu kati ya hayo, ondokeni. Na andika saa ya mwisho alipoonekana mzima. Siyo saa mliyomkuta, ile ya mwisho mliyomwona sawa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale ilipo, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu hapo, na swali hilo ndilo watakalowauliza mlangoni.

Kipimajoto:

Naongezea moja nililoliona kwa jirani: jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, madirisha yamefungwa. Waliamka na kichwa kinauma wote, mpaka paka anayumba. Walidhani ni chakula.

Mlinda Mlango:

Gesi ya kaboni monoksaidi hiyo, inatoka kwenye mkaa unaowaka. Haina rangi, haina harufu. Watu wote wa nyumba kuumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, na nafuu kuja wakitoka nje, ndiyo alama yake. Kila mtu atoke kwanza kwenye hewa, mambo ya kuzima jiko baadaye, na wakaonwe hata wakijisikia nafuu. Jiko lisilale ndani, hata likiwa limebaki majivu mekundu. Jenereta vile vile.

Mtukutu:

La mwisho, mkuu. Kijana wangu wa miaka 11 jana kaangukia ngazi za shule, jino la mbele limeng'oka zima zima na mzizi wake. Mwalimu kalisugua kwa sabuni, kalifunga kwenye karatasi, karudi nalo mfukoni. Daktari wa meno kasema tumechelewa. Ilikuwaje hasa tufanye?

Mlinda Mlango:

Pole sana kwake. Jino la ukubwani linashikwa upande wa kutafunia tu, mzizi hauguswi, kwa sababu kwenye mzizi kuna nyuzi hai ambazo ndizo zitakazolishikisha tena. Sabuni na kusugua huziua, na karatasi kavu huzimalizia. Likiwa na mchanga, limwagie maziwa au maji kwa sekunde chache, lirudishe kwenye tundu lake likitazama upande sahihi, ang'ate kitambaa safi, mwende kwa daktari wa meno papo hapo, ikiwezekana ndani ya nusu saa. Akiogopa kulirudisha, liwekwe ndani ya maziwa. Kulihifadhi ndani ya maji ya kawaida si kuzuri.

Ila kwa wadogo, jino la utoto likiruka msilirudishe, mtaliumiza la ukubwani linalosubiri chini yake. Kwa huyo wa miaka 11, muulize daktari kuhusu kulinda nafasi ya pengo wakati taya bado linakua, maana meno ya jirani hupenda kuegemea pale.